Matete Hadi Isecheno: Safari ya Miguu Minne

Bibi yangu, ambaye sisi tulimwita kukhu, alikuwa fundi wa kutoa funza. Tukishaoga alitupanga kwenye ukuta wa jiko, miguu imenyooka juani, naye akaja na mwiba wa mchungwa. Sasa funza hatolewi nusu. Ukimpasua, kile kifuko cha mayai kinabaki ndani na kidole kinaoza. Kukhu alichimba pembeni polepole, akazunguka, akazunguka, mpaka akamtoa mzima, mweupe kama punje ya mtama, kisha akapaka tundu mafuta ya taa. Tulilia sana. Alisema, "Lia, lakini usivute mguu."

Mtoto mmoja tu hakulia wala hakuvuta mguu. Huyo alikuwa Wanjala wa jirani, aliyezaliwa mwaka wa njaa na akapewa jina hilo. Macho ya kukhu yalipofifia, mwiba ulikwenda kwa Wanjala. Watu wazima wenye ndevu walimletea miguu yao, na hakupasua hata funza mmoja.

Nilitaka kuandika habari za jeshi, na ona nimeanzia kwa funza. Shule nilisoma kidogo tu, sijui kuanza vizuri. Lakini mkono wa Wanjala na ule mwiba siwezi kuuacha nje.

Matete, siku ya kuondoka. Ilikuwa miaka ile ya uhuru, bendera bado mpya, na kila kijana alitaka kuwa kitu. Mimi na Wanjala tulikuwa tayari askari, lakini askari gani? Mimi nililinda stoo ya viazi. Wanjala alifagia uwanja. Ndipo likatoka tangazo kwamba kinatafutwa kikosi maalumu, watu wa kuruka na mwavuli na kuishi porini, na majaribio yatafanywa kwetu, katika msitu wa Kakamega. Tukaandikisha majina, tukapewa likizo fupi ya kuaga nyumbani.

Baba alichinja jogoo. Wasiojua mila zetu niwaambie: firigisi ya kuku, ambayo sisi twaiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Mtoto haigusi, mke haigusi. Mgeni mkubwa akija ndiye huenda akapewa. Siku ile baba aliitoa kwenye sahani yake, akachukua kisu, akaikata katikati mbele ya majirani wote. Nusu akampa Wanjala, nusu akanipa mimi.

Ami yangu alishtuka. "Mzee, imondo haikatwangi. Ukikata, mmoja atabaki na njaa."

"Basi warudi wote wameshiba," baba akasema. "Huyu nimemzaa, huyu amekula kwangu. Wakishindwa, wasije kunionyesha uso."

Alikuwa anacheka aliposema hivyo, lakini majirani walisikia. Nikameza ile nusu bila kutafuna vizuri. Ningewezaje kurudi Matete kulinda viazi, na imondo ya baba iko tumboni?

Kakamega mjini, mchana. Basi lilituacha sokoni tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Tuliingia hoteli ndogo ya mama mmoja mnene aliyekuwa akikaanga mandazi. Akatazama buti zetu mpya, zinang'aa, tumezifunga shingoni ili zisichakae.

"Nyinyi ndio wale wa kukimbizwa msituni?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Jana wamepita wenzenu wamerudishwa. Wanatembea kama bata. Mmoja nimemwekea kiti, akashindwa kukaa, akashindwa kusimama."

Wanjala akainua mguu wake kumwonyesha. "Mama, gusa hapa. Hii imekanyaga mawe tangu nizaliwe."

Yule mama akagusa kwa kijiko. "Kweli ni gome la mti," akasema. "Lakini hata mti huangushwa. Kunywa chai, mwanangu."

Kambini, jioni ileile. Kambi ilikuwa upande wa kaskazini wa msitu, mahema yamepangwa kwenye matope mekundu. Mkufunzi wetu, tuliyemwita Afande tu, alikuwa mfupi, mkavu, hapandishi sauti. Hiyo ndiyo ilitutia hofu. Mtu anayepiga kelele unajua amefika wapi. Alituamuru tulale kifudifudi, nyayo juu, akapita kati yetu na kurunzi.

"Mnadhani nitawapima vifua," akasema. "Vifua mnavyo. Mimi nitapima nyayo."

Alitupa kila mmoja jiwe la kusugulia na kutuambia tupunguze ile sugu. Tulicheka chinichini. Sugu ndiyo ilikuwa fahari yetu, sisi watu wa kutembea pekupeku. Afande akasema lengelenge likiota juu ya ngozi laini unaliona, likiota chini ya sugu hulioni mpaka limekula nyama. Baadhi yetu tulisugua. Wanjala aliliweka jiwe lake chini ya godoro.

Tukafundishwa kulowesha buti na kuzivaa zikaukie mguuni, zishike umbo lako. Tukafundishwa kukausha katikati ya vidole, kukata kucha moja kwa moja bila kuzungusha, kuvaa soksi nyepesi ndani na nzito juu. Na lengelenge likijaa, uichome sindano motoni, utoboe pembeni, maji yatoke, ngozi uiache. "Ile ngozi ndiyo bandeji yako," Afande alisema. "Atakayeibandua atarudi kwao."

Siku zilizofuata zilikuwa za magogo. Tulibeba magogo asubuhi, tukakimbia na mifuko ya mchanga mgongoni mchana, tukapanda kamba mikono ikiwaka. Nyani walitutazama kutoka juu wakinyamaza, na mimi nilidhani wanatusikitikia. Kila jioni Afande alipita na kurunzi yake, na kila jioni kulikuwa na mtu aliyekunja godoro akaondoka bila kuaga. Sheria ilikuwa tutembee wawili wawili. Mtafika wawili au hamfiki. Ukimwacha mwenzako njiani, umejiacha mwenyewe. Mlango ulikuwa mmoja tu: anayerudisha buti zake kwa Afande kwa mkono wake mwenyewe, mwenzake yuko huru kuendelea.

Jioni ya kuamkia matembezi ya mwisho. Ukaguzi ulikuwa umepita. Nilikuwa nafua soksi, nikamwona Wanjala amekaa nyuma ya hema, mguu wa kulia juu ya goti, mkononi ana mwiba. Sijui aliutoa mti gani.

"Unafanya nini?"

"Limeota chini ya sugu. Nimelitoa."

Nikainama. Kisiginoni palikuwa na shimo pana kama kifuniko cha chupa, jekundu kama ndani ya pera. Alikuwa amelichimba pembeni, akazunguka, akazunguka, akatoa ngozi yote mpaka chini. Kazi safi kabisa. Kukhu angemsifu.

"Wanjala, hili si funza."

"Kitu kibaya kinatolewa chote," akasema. "Ukiacha, kinaoza. Mimi nimefanyanga hii kazi tangu utoto. Jeshi litanifundisha nini?" Kisha akapunguza sauti. "Usimwambie mtu. Kesho tu, Makokha. Kesho tu, halafu tumemaliza."

Sikumwambia mtu. Tulifunga kile kidonda kwa kitambaa cha shati langu.

Asubuhi, ndani ya msitu. Tulitoka na mizigo kukiwa bado na ukungu, safari ya kuupitia msitu hadi Isecheno, kisha kutoka Isecheno hadi mjini kabla jua halijazama. Tulivuka mto Isiukhu maji yakifika kiunoni. Upande wa pili nilimwambia abadilishe soksi, akakataa. Nikajua kwa nini: akiivua buti, haitarudi. Tukaenda. Mwanzo alitembea mbele yangu, halafu sambamba, halafu nyuma. Wawili wakatupita. Wengine wawili wakatupita wakiimba, na hao walikuwa watu ambao Wanjala aliwashinda kwa kila gogo. Nikachukua mfuko wake wa mchanga nikaupandisha juu ya wangu. Hakukataa, na hilo lilinitisha kuliko damu iliyoanza kuvuja kwenye buti yake. Nilitazama jua kupitia majani, nikatazama njia, nikatazama jua tena.

"Ongea," nikamwambia.

"Niongee nini?"

"Chochote."

Akatembea kidogo. "Kukhu alisema usivute mguu," akasema. "Sijauvuta."

Mambo ya kurudi nyumbani nitayasema hapa, kwa sababu hayana urefu. Nilirudi Matete nikiwa na kofia ya kikosi. Baba alinitazama, akatazama nyuma yangu barabarani, akauliza, "Mwenzako wa imondo yuko wapi?" Nikamwambia. Hakuniuliza tena, na hajawahi tena kukata imondo. Mama yake Wanjala alinikaribisha chai, akaweka vikombe vitatu, kimoja cha mwanawe ambaye hakurudi. Baadaye nami nilifundisha vijana, na kila mwaka nilianza na maneno haya: mwili si adui. Kuna kinachotolewa chote na kuna kinachoachwa palepale, na mkono uliozoea kimoja ukiogope kile kingine. Waliosikia, nyayo zao zilipona. Hilo ndilo nililojifunza, na sasa nirudi Isecheno.

Isecheno, jua limeanza kulegea. Penye kituo cha msitu Afande alikuwa amekaa juu ya gogo, birika la maji mbele yake. Tukatua mizigo. Kutoka hapo hadi mjini, kwa mwendo wetu ule, tusingefika. Mimi nilijua, Afande alijua, sote tukanywa maji.

Wanjala akaketi akaanza kufungua kamba za buti.

"Vaa twende," nikasema.

"Napumzisha miguu."

"Vaa, Wanjala. Nitakubeba."

"Utanibeba mpaka lini?" Akavua ya kushoto, kisha ya kulia. Soksi ilitoka na kitambaa cha shati langu kimeshikana nayo. Hakukunja uso. "Ile imondo mzee aliikata bure," akasema. "Ilikuwa ya mtu mmoja."

Nilimshika mkono. Akautoa, taratibu, kama unavyomtoa mtoto usingizini. Akazifunga zile buti kamba kwa kamba, akaenda akampa Afande.

"Umefikiri?" Afande akauliza.

"Nimefikiri, Afande."

"Kaa hapo. Gari litakuja likuchukue."

"Hapana, Afande. Miguu yangu hainiumi ikiwa pekupeku."

Afande akanigeukia. "Wewe uko huru. Jua halikungoji."

Nilipandisha mzigo mgongoni, lakini nilisimama kwanza. Wanjala hakushika njia ya mjini wala ya Matete. Alishika ile barabara nyekundu inayokwenda kusini kando ya miti, mikono mitupu, mgongo umenyooka. Nilikuwa nangoja achechemee hata mara moja, nipate sababu ya kumkimbilia. Hakuchechemea. Alitembea kama mtu anayekwenda shambani kwake, akafika kwenye kona, akapinda.