Division Niliyoijua Mimi

Walimupiga papa, baba yangu, risasi kwenye mulango wa darasa, na mimi nilikuwa ndani na chaki mukononi, ninangojea hesabu.

Hayo yalinirudia juzi sokoni, hapa Brussels, penye wanauza vitu vya zamani. Nilikuwa nimeshika kofia ya askari yenye mwiba juu.

"Maman, na hiyo hautabeba ndoo ya maji!" Papa Léon, muuzaji, mutu wa Lubumbashi, alicheka. "Ni ya Waprusi, wale Wajerumani wa zamani. Na kitabu hiki, bon, ni histoire, habari za zamani, ya division yao moja ya infanterie, kikosi kikubwa cha askari wa miguu. Kila kijiji walichopita kimo, na jina la jenerali wao."

Division. Muchana ule, kwetu Kivu, hewa ilinuka mihogo iliyolowekwa, na watu walipita mbio wakipiga kelele: "Division iko inakuja!" Mimi nilijua division moja tu, ile ya hesabu, ya kugawanya, iliyonishinda kila siku. Nikaona somo linaanza bila mimi, nikaogopa fimbo ya mwalimu, nikakimbilia shuleni. Papa alinifuata akiita, "Rudi, mutoto wangu, rudi!" Nilizani ananigombeza.

Kumbe division ilikuwa askari wa Kolonel Zabuloni. Walimukuta papa pale mulangoni. Sikusoma tena.

Leo Zabuloni anakaa Ganshoren, hapa hapa Brussels. Anaimba kanisani kwetu, vijana wanamuita tonton, yaani mujomba, na mimi nimechoka kumupa mukono. Wale Waprusi walikufa wote, na bado kitabu kinawauliza walipita wapi. Zabuloni, wewe uko muzima. Simama mbele ya kanisa unijibu: papa wangu alikukosea nini?