Siku Watoto Walipoitwa Zakaria

Naona aibu hata kuanza, lakini afadhali mnicheke nikisimulia mwenyewe kuliko mkayasikie kwa watu wa parokia yetu ya Kirumba.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha, kompyuta Mwanza nzima ni za kuhesabu, na mimi nafanya kazi kwenye ofisi iliyokuwa nayo moja (nilijiona profesa kabisa), ndipo katekista akaniletea orodha ya watoto arobaini wa kipaimara niwachapie kadi za majina. Sasa katekista wetu l na r kwake ni mamoja, kaandika Rukasi, kaandika Retisia. Mwenye akili angesahihisha kwa mkono. Mimi nikachukua maktaba ya programu aliyoandika mwenzangu Mashauri kwa C, lugha ya kompyuta, yenye fanksheni, yaani kipande cha programu, cha kusahihisha majina, nikaiita kutoka kwenye programu yangu niliyoandika kwa lugha nyingine, Python, nikaijaribu kwa Rukasi peke yake, ikanipa Lukasi safi. Nikachapa zote, nikafunga bahasha bila kusoma hata moja.

Kanisani askofu akapokea kadi ya kwanza kutoka kwa paroko. “Zakaria, pokea muhuri…” Mtoto ni wa kike! Akaitika “Amina,” maana katekista alishawakaririsha: mbele ya baba askofu hakuna neno lingine. Wa pili Zakaria, Amina. Wa tatu, wa nne, watu wanaziba midomo kwa kanga. Wa tano binti yangu Leticia, mwenye jina la mama yangu, na mama alikuwa amevuka na feri kutoka Sengerema, kavaa kitenge kipya, kakaa mbele alisikie jina lake likitamkwa na askofu.

“Zakaria…”

“Amina.”

Askofu akashusha kadi. “Paroko, akina Zakaria wamebaki wangapi?”

Kanisa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Kuanzia wa sita kila mtoto akataja jina lake mwenyewe, ila waliokwisha kupakwa mafuta ndiyo basi, kipaimara hakirudiwi.

“Ile fanksheni hairudishi jina, bwana,” Mashauri aliniambia nje, “inarudisha anwani ya mahali jina lilipo ndani ya kompyuta, na mahali ni pale pale kila mara, jipya linafuta la zamani.” Kumbe nilikusanya anwani arobaini za sehemu moja, nikaenda kusoma mwishoni, nikakuta aliyefunga orodha, Zakaria.

Nikamweleza mama hivyo hivyo, kichwa chini.

“Kwa hiyo jina langu ulilishika?”

“Ndiyo, mama.”

“Ukaandika nini?”

“Anwani yake.”

“Mwanangu, anwani yangu unaijua tangu uzaliwe. Leo nilifuata jina.”

Tangu siku ile fanksheni ikinipa neno nalinakili hapo hapo, na kadi nazisoma moja moja kwa sauti. Lakini mama alirudi Sengerema bila kulisikia.