Laptop Niliyompa Achol

Mimi ndiye yule mwanamke wa Kakuma aliyempa mwanamke mwenzake laptop mpya, tena ya zawadi, ili mume wangu asikanyage kwake tena.

Halafu mashine ikaikataa hiyo laptop.

Cheka tu, lakini soma mpaka mwisho.

Ilikuwa 2013. Mume wangu Wandera alifundisha kompyuta kwenye chuo kidogo hapa Kakuma mjini. Mimi nilikuwa nauza shuka na mapazia. Tulitoka Busia tukiwa maharusi, tukazoea jua la huku.

Kule kwenye kambi ya wakimbizi aliishi Achol. Mjane kutoka Sudan Kusini, mrefu, shingo ya kuvaa shanga, akicheka unaona pengo lake na unatamani umchekeshe tena. Kanisa lao lilikuwa limepewa mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta. Unachora ua kwenye kioo, mashine inalishona kwenye shuka. Maharusi wa kambi nzima walitaka shuka za Achol.

Wandera ndiye aliyemfundisha kuitumia. Mafunzo yakaisha, safari hazikuisha.

Kila Jumamosi baada ya chakula, baba watoto anavaa shati lake la samawati, anajipulizia marashi mpaka mbuzi wa jirani wanapiga chafya.

"Kompyuta ya Achol imekwama tena," ananiambia.

Kompyuta gani hii inaugua Jumamosi tu?

Nilikuwa na wivu, sitaficha. Wivu wa kunyima mtu usingizi na kumuunguzia ugali. Mteja akitaja jina Achol, nampimia kitambaa vibaya.

Nikakaa nikawaza. Kama shida ni kompyuta kuukuu, dawa si kompyuta mpya?

Nilikuwa nayo. Wandera alininunulia laptop tulipotimiza miaka kumi ya ndoa. Bado ilikuwa na plastiki kwenye kioo. Niliipenda, lakini ndoa yangu niliipenda zaidi.

Nikaita boda.

"Ejok, mama," dereva akanisalimu kwa Kiturkana. "Wapi leo?"

"Ejok. Kambini, kwa Achol. Na utanisubiri, kuna mzigo wa kurudi nao."

Achol aliponiona mlangoni alisimama ghafla, mkasi mkononi, kama mtu aliyengoja ugomvi.

"Dada Sylvia. Karibu."

"Nimekuletea laptop. Mpya kabisa. Nipe hiyo kuukuu."

"Lakini hii yangu iko sawa. Hakuna shida."

Nikacheka moyoni. Ona anavyoung'ang'ania mtego wake!

"Chukua mpya, dada. Tubadilishane, khalas."

Aliniangalia sana, kisha akaanza kuchomoa nyaya. Nikarudi nyumbani nimekumbatia kompyuta kuukuu kwenye boda, vumbi tupu, nikiimba nyimbo za kanisani.

Wandera alipoiona mezani, alikaa chini bila kuvua viatu.

"Umefanya nini, Sylvia?"

"Nimekupunguzia kazi, mume wangu."

Furaha yangu haikufika mbali. Achol alipiga simu analia. Laptop haiitambui mashine. Anachomeka waya, mashine inakaa kimya, kioo kinaandika kwamba kifaa hakijulikani. Na alikuwa na shuka za bibi harusi wa Lodwar. Asipozimaliza, kanisa litaichukua mashine limpe mwingine.

Wandera akakimbia na shati lake la samawati. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena.

Kumbe nilikuwa nimempa fisi bucha! Jumamosi moja nimeigeuza kuwa wiki nzima.

Siku ya nne nikamwambia, "Leo tunaenda wote."

Nilikaa kwenye kigoda katikati yao, mkoba mapajani. Wandera alifuta, akaweka upya, akampigia rafiki yake fundi wa Lodwar, akaweka simu kwa sauti.

"Laptop yako ni ya biti sitini na nne," fundi akasema. "Mashine hiyo ni ya zamani. Draiva yake, ile programu ya kuziwezesha zisikilizane, iliandikwa kwa kompyuta za biti thelathini na mbili. Waliotengeneza hawakutoa nyingine."

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo laptop yako ni nzuri, mama, lakini hapo ni pambo. Rudisheni ile kuukuu."

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

"Basi nairudisha jioni hii hii," Wandera akasema, na nikaona meno yake. Alikuwa anafurahi!

Moyo ukaniuma. Kompyuta ikirudi, Jumamosi zinarudi. Lakini nikikataa, huyu mama atanyang'anywa mashine kwa sababu yangu.

"Haitarudi," nikasema. "Mashine ndiyo itakuja kwangu. Achol atafanyia kazi dukani, mbele ya macho yangu."

"Aa, hapana, hiyo mashine ni nzito, kanisa litasema..." Wandera akaanza.

"Nakuja," akasema Achol. Hata hakumtazama.

Kanisa lilikubali. Tukachomeka mashine kwenye ile kompyuta kuukuu, na sindano ikaanza kazi palepale. Achol akawa anakuja kila siku. Shuka za Lodwar zikaisha, wakaja wateja wengine, wakinunua kitambaa kwangu na maua kwake. Mimi bado nilikuwa namchunga. Nilihesabu hata vicheko vyake.

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja, Wandera akatokea na shati la samawati, akazunguka duka, akakosa la kufanya, akatoka.

Hapo ndipo akili ikanijia. Miezi miwili. Ile kompyuta haijakwama hata mara moja.

"Achol," nikamwita. "Hii kompyuta ilikuwa inaharibika nini kila Jumamosi?"

Akasimamisha mashine.

"Kuharibika? Haijaharibika hata siku moja, dada. Mumeo anakuja, anasema wewe umemtuma aangalie. Nasema iko sawa. Anakaa. Anasema nyinyi mnalala vyumba tofauti."

"Vyumba tofauti? Tuna chumba kimoja!"

"Nilimwambia, kwa mila zetu mjane bado ni mke wa ukoo wa marehemu. Shemeji zangu wakimkuta hapa watamvunja miguu. Akacheka. Ulipokuja na boda, nikafikiri umejua, umekuja kupigana. Wewe ukanipa laptop."

Nililia. Si kwa kumchukia yeye. Miezi yote nilikuwa namchunga asiyekuwa na hatia, na mwenye makosa nampikia.

Wandera akachungulia mlangoni. "Mashine inaendeleaje? Niiangalie kidogo?"

"Haijaharibika," tukajibu pamoja.

Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, na uso ukamshuka. Njia ya mwongo ni fupi.

Wazee wa kanisa walitukalisha, akaomba msamaha, kwangu na kwa Achol. Nimemsamehe, ingawa wivu ninao mpaka leo, na sasa najua wa kumwonea. Laptop yangu ilirudi.

Lile shati la samawati nililikata, nikashona foronya. Achol akaidarizi ndege wawili wazuri, na Wandera anailalia kila usiku.

Dada zangu, ukihisi jambo usikimbilie kugawa laptop. Mume fundi akitoka kila wiki, nenda kwa mwenye mashine umuulize, ni nini kilichoharibika?