Kijiji cha Uani kwa Marselino

Wananchi wote, wakulima kwa wafanyakazi, mnatangaziwa kwamba katika masika ya mwaka 1974, huku nchi nzima ikihamia vijijini, Ndugu Marselino wa Tandika, mpiga picha, baba wa watoto wanne, mwenye akili timamu kwa ushahidi wa mkewe peke yake, alilala kifudifudi kwenye matope ya uani kwake kwa saa nzima akiupiga picha uyoga. Tangazo linaishia hapo, maana hata mwenyewe hakuwa na maelezo zaidi.

Ilianza na kinyonga. Marselino alikuwa akisafisha kamera yake ya Kirusi barazani, akaichomoa lenzi, akachungulia upande usio wake, na papo hapo akaona jicho kubwa kama chungu likizunguka peke yake. Alipiga ukelele uliomtoa mkewe Sesilia jikoni na mwiko mkononi. Kumbe ni kinyonga mdogo kwenye jani la mhogo, naye kaogopa vilevile.

Toka hapo mtu hakupona. Aliigeuza lenzi nyuma mbele, akaifunga kwenye kamera kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na ili picha isiwe na ukungu ilibidi asogee yeye, mwili mzima, mbele unywele mmoja, nyuma unywele mmoja, pumzi kaibana. Siafu, buibui, ua la mchicha. Wateja waliokuja kupigwa picha wakiwa wameegemea redio ya studio waliegemea mpaka wakasinzia.

"Baba Albano, bibi harusi kakaa humo mpaka poda inamchuruzika," Sesilia alimwambia siku ile ya matope. "Leo mdudu gani tena?"

"Si mdudu. Uyoga."

"Wa kuliwa?"

"Sijui."

"Sasa unautakia nini?"

Marselino alifikiri kwa dhati kabisa. Kisha akabana pumzi, akasogea mbele unywele mmoja.

Uyoga wenyewe ulikuwa mdogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, umeota kwenye gogo la mnazi lililooza, pale wanapochakura kuku wa Sesilia, mistari mitatu iliyonyooka kufuata nyufa za gogo. Alipoisafisha picha yake kwa ukubwa wa sinia, kila kichwa kikawa kama paa. Akaitundika picha dirishani mwa studio, kati ya bibi harusi na polisi mmoja mwenye masharubu.

Kesho yake akaja Mzee Jamali, balozi wa nyumba kumi, kupigwa picha ya kadi ya chama. Marselino alikuwa chumba cha giza, mikono imo kwenye dawa. Alipotoka, balozi hayupo, picha ya dirishani haipo, na kamera haipo.

"Kasema ukajieleze tawini," Sesilia alisema.

"Nijieleze nini?"

"Mie nilidhani wewe ndiye unayejua."

Bila kamera ingebidi arudi kuchonga vinyago, kazi aliyoikimbia huko Newala kwa sababu kila alichochonga, hata kiwe simba, kilitoka na sura ya mjomba wake. Akavaa viatu, akaenda.

Tawini, picha ilikuwa mezani na kamera pembeni yake. Mwenyekiti, Ndugu Kamugisha, mtu wa Bukoba, alikuwa kaivulia picha miwani.

"Ndugu, ndege ulipewa na nani?" Jamali alianza.

Marselino aligeuka nyuma aone nani anaulizwa.

"Ndege gani, mzee wangu?"

"Picha imepigwa toka juu! Nyumba ishirini na saba, nimehesabu mapaa. Au ulipanda mnazi?"

"Mnazi ulikuwa chini."

"Unamsikia, Mwenyekiti? Anatufanya watoto. Hiki ni kile kijiji kipya cha Chanika, na huyu kakipiga bila kibali!"

"Chanika wana misonge wapi, Jamali?" Kamugisha alisema, sauti imelowa. "Hizi nyumba za msonge ni za kwetu. Miaka kumi na miwili sijafika nyumbani. Wakati wetu kila mtu alijibanza na migomba yake. Leo tazama, mistari mitatu!"

Marselino aliinama kuitazama. Akajikuta anatafuta milango. Mlango mmoja akakaribia kabisa kuuona, akajifikicha macho.

"Mwenyekiti, huo ni uyoga."

Kamugisha akacheka kwa upole. "Wote wasioijua misonge husema hivyo."

"Hapana, ni uyoga. Wa uani."

"Si unaona," Jamali akadakia, "kumbe hata jina la kijiji anaficha!"

Mwenyekiti akanyanyua mkono, akasimama. Alikwisha andika barua wilayani. Jumapili ujumbe wa tawi, wenye bendera na ngoma, utakwenda kuwapongeza wanakijiji. Akaisukuma kamera mpaka ukingoni mwa meza.

"Ndugu Marselino, utaondoka nayo sasa hivi. Tuambie tu, mbele ya balozi wako na kwa niaba ya chama: uliwaachaje wenzetu hawa, wako katika hali gani?"

Marselino aliitazama kamera, akaitazama picha, akamtazama mtu mzima wa watu na machozi yake. Akaukamata mkanda wa kamera kwanza.

"Kuku waliwamaliza Jumanne," alisema.