Maziwa Lala Kwenye Kiti cha Wakwe

Mwaka wa 1976 nilikuwa na miaka tisa, na huo ndio mwaka shida ilipotupata. Baba alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha blanketi hapa Nakuru. Alishikwa na kifua Jumatatu, Jumamosi iliyofuata tukamzika. Nyumba ilikuwa ya kiwanda, kwa hivyo mwisho wa mwezi tulitoka: kitanda kimoja, sufuria mbili, mama na watoto watano. Niliacha shule darasa la tatu nikaanza kuosha magari kwa ndoo na matambara. Tangu siku hiyo sijaomba mtu kazi. Waliosoma ndio wananiletea magari yao, na wanangoja zamu kama kila mtu.

Kuosha nje ya gari, hata ng'ombe ukimfundisha ataosha. Kazi iko ndani. Mimi ni mtu wa viti. Nimefua viti vilivyotapikiwa, viti vilivyobeba mbuzi, viti vya watu wa mtaa wa Section 58 ambao watoto wao hula chapati na maharagwe ndani ya gari kila Jumapili wakitoka kanisani. Sikuwahi kuogopa kiti. Ninaandika haya kwa sababu ya kiti kimoja nilichokiogopa mchana kweupe, nyumbani kwangu Lanet, nikiwa nimevaa koti.

Ilikuwa siku ambayo watu wa kijana aliyetaka kumwoa binti yangu wa mwisho walikuja kubisha hodi. Sisi asili yetu ni magharibi. Wao ni watu wa huku bondeni, watu wa ng'ombe na kondoo. Kila upande ulikuwa na jamaa walioguna waliposikia. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mkulima wa Ndabibi, aliyemlea tangu baba yake afariki. Wiki mbili binti yangu alikuwa akinionya. Nisijisifu. Nisimkate mzee maneno. Kwao, mzee huyo akisema hapana, hakuna mwingine atakayesema ndiyo. Nilimjibu kwamba nimekuwa nikiongea na watu wakubwa tangu kabla hajazaliwa. Hakucheka.

Walikuja saa nne asubuhi, kwa gari la huyo mzee, akiendesha mwenyewe, kijana kando yake. Nyuma walikaa mama ya kijana na shangazi yake, na katikati yao kibuyu cha maziwa lala, yale yao machachu ya kienyeji ambayo kibuyu husuguliwa kwa mkaa mpaka maziwa yanakuwa na rangi ya majivu. Sasa, mimi getini nilikuwa nimejenga tuta la saruji la kuzuia maji ya mvua. Nililijenga mwenyewe na nililijenga juu. Gari likaruka, kifuniko cha kibuyu kikafyatuka, na maziwa yakaenda kwenye kiti chote cha nyuma.

Wote walishuka wakasimama. Maziwa ya posa kumwagika kwa geti yangu! Sikujua kwao ina maana gani, na nikaogopa kuuliza. Kijana alimnong'oneza binti yangu, naye akaniambia baadaye, kwamba mzee alikuwa na gari hilo mwaka wa pili na viti bado vilikuwa na nailoni za dukani. Alizitoa wiki hiyo tu, kwa heshima ya safari ya kwetu.

Hapo mdomo wangu ukafanya kazi kabla ya akili. Nikamwambia mzee hiyo ndiyo kazi yangu, aingie ndani anywe chai, na chai ikiisha atakuta kiti kama siku alipokinunua.

Mzee akasema, "Hiyo ni suedi." Basi. Akaingia ndani.

Mimi nilisikia, lakini sikusikiliza. Niliona kitambaa laini nikadhani ni ile velveti ya magari ya zamani, ambayo unaweza kuipiga vyovyote. Suedi hii siyo velveti, na siyo ngozi ya mnyama pia. Ni uzi wa plastiki, mwembamba sana, umechambuliwa mpaka ukawa na manyoya mafupi kama sikio la ndama. Mimi nilichukua maji yaliyokuwa yakichemkia chai, nikatia sabuni ya unga, nikashika ile brashi ngumu ya mazulia, nikasugua kama mwanamume.

Maji ya moto yalipika maziwa. Nilikuwa najua jambo hilo kutoka kwa nguo za watoto, na bado nililifanya, kwa sababu nilikuwa na haraka na nilikuwa na watu wa kuwaonyesha. Maziwa yakaganda ndani ya manyoya, brashi ikayasokota, na nilipopangusa povu nikaona kiti kimejaa vinundu vya kijivu, vimeshikana, vigumu. Nikapitisha kiganja. Kiti kikakwaruza.

Kutoka ndani nilisikia vikombe, na sauti ya mke wangu akiwauliza habari za mvua huko Ndabibi, mara ya pili sasa. Mazungumzo hayawezi kuanza bila baba ya msichana. Waliniita, nikasema nakuja. Wakaniita tena. Nikafikiria kusema kiti kinataka kukauka siku tatu. Nikafikiria kununua kitambaa. Nikafikiria mambo ya kijinga. Binti yangu akatoka na gauni lake jipya, akachungulia ndani ya gari, akashika mdomo.

"Baba, umeichoma?"

"Sijui."

Alikuwa na miaka ishirini na sita, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza kunisikia nikisema neno hilo. Machozi yalimlengalenga, lakini hakunilaumu. Aliuliza tu alete nini. Nikamwambia maji baridi, kitambaa cheupe, na kitu chochote chenye nywele laini. Akaleta brashi ya nywele ya mtoto wa dada yake.

Nilimwaga yale ya moto. Nikaanza kugusa, siyo kusugua: kitambaa chenye maji baridi na tone la sabuni ya vyombo, nakikamua, nabonyeza, nainua, nageuza upande safi. Kitambaa kikawa kinatoka na majivu. Maziwa yalikuwa yanatoka, polepole. Lakini manyoya yalibaki yamelala.

Neno hilo, kulala, ni neno la baba. Kiwandani alikuwa kwenye mashine ya kuchana blanketi, ile inayoinua manyoya, na wao hawakusema kuchana, walisema kuamsha. Blanketi likitumika sana nyumbani lilikuwa "limelala", naye alilianika kivulini, akangoja, akaliamsha na brashi ya nguo. Nilikumbuka hivyo, lakini sikukumbuka linaamshwa likiwa na maji au likiwa kavu. Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna aliyenifundisha, na hapakuwa na wa kuuliza. Nilipiga brashi pembeni kidogo, panapofichwa na mkanda, na manyoya yakazidi kushikana. Nikaacha haraka.

Ndipo nikaona viatu vya mzee chini ya mlango wa gari.

Alikuwa amechoka kungoja. Nilitoka kwa magoti, na nikaona nisipolisema sasa litasemwa na mtu mwingine.

"Mzee, maziwa yalikuwa yenu, lakini hii ni mimi. Nimetumia maji ya moto. Nimekuharibia kiti."

Aliinama akaangalia muda mrefu. Akapitisha kidole. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na tangi.

"Sasa maziwa lala imelaza kiti," mzee akasema.

Sikujua kama nicheke. Nilimwambia kiwandani kwa baba walisema hivyo hivyo, kulala na kuamsha, ila sikumbuki kama ni na maji au kavu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Wewe hujawahi kuwa na kondoo?"

"Mimi ni mtu wa kuku."

"Inaonekana." Akavua koti lake akaliweka juu ya boneti. Akanieleza kwamba kondoo akinyeshewa humgusi. Ukimchana na maji, manyoya yanakuwa kamba. Akikauka kabisa, yanakatika. Unamngoja awe katikati, ukimshika unasikia baridi lakini mkono haulowi.

Basi tukangoja, milango yote minne wazi, upepo ukipita. Nikawasha feni ya sebuleni kwa waya mrefu. Kijana na ndugu zangu waliokuja kupokea wageni wakatoka mmoja mmoja na vikombe vyao, wakasimama hapo, na maneno ya posa yakaanzia kwenye gari, hakuna aliyeamua hivyo. Kila baada ya muda mzee aliingiza mkono akasema bado. Aliposema sasa, nikaingia na ile brashi ya mtoto. Upande mmoja, polepole, kisha kinyume chake. Manyoya yakaanza kusimama. Vinundu vigumu nilivifungua kwa kucha, kimoja kimoja.

Mama ya kijana alikuja kuangalia. Hapo nilimuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuuliza siku hiyo, kama kwao maziwa kumwagika ni mkosi.

"Kama yangemwagika tukitoka, ningelia," alisema. "Yamemwagika tukiingia."

Kiti hakikurudi chote. Palibaki mahali pa ukubwa wa kiganja, karibu na mshono, pagumu kama sakafu. Nilimwonyesha mzee mwenyewe kabla hajapaona. Akavaa koti lake, akasema mwezi ujao wanarudi kwa mazungumzo ya pili, na kazi hiyo nitaimalizia wakati huo. Binti yangu alisikia, akaingia jikoni mbio.

Waliporudi, nilikuwa nimelivunja lile tuta.

Leo nina ploti mbili Lanet, moja ya nyumba na moja ya kuoshea magari. Nina mashine mbili za maji, vakuum moja ya kufyonza vumbi, tangi mbili kubwa. Nina feni ya kazi, siyo ya sebuleni. Nina brashi sita za nywele za mtoto. Nina ng'ombe wanne waliotoka Ndabibi, wawili wanakamuliwa. Nina kuku. Nina wajukuu saba, na wa saba, wa binti yangu wa mwisho, anaongea lugha mbili zisizo zangu, ya kwa baba yake na ya shuleni.