Matundu Saba ya Ndege ya Mbwana

"Mama Najma, shikamoo. Hivi hiyo ndege ya vita inaruka lini? Nataka lifti ya Moshi."

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Tekla, kachungulia juu ya ukuta, mswaki mdomoni.

Mie wakati huo nilikuwa nimelala chali chini ya tumbo la ndege, kanga nimejifunga kibwebwe, nyundo mkono mmoja, msumari wa nchi sita mkono wa pili. Mjane wa miaka sitini na tatu. Nina wajukuu.

Msicheke. Au chekeni tu, nilishazoea.

Ngoja nianze mwanzo.

Marehemu mume wangu Mbwana, Mungu amrehemu, alikuwa mwanajeshi. Vita vya Kagera alikwenda. Lakini si kwenye mizinga. Alikuwa mpishi.

Na alikuwaga na habari moja tu ya vita: kwamba siku moja alipeleka uji kwa walinzi, akaiona kwa karibu ndege ya adui iliyoanguka. Basi. Ukimwuliza zaidi, haongezi neno.

Watu hapa Kiwalani wakamfanya kichekesho. "Mpishi kaona ndege? Kaona sufuria huyo!"

Alipostaafu akaanza kuijenga. Nondo, mbao, mabati ya paa la zamani. Hatua saba kutoka pua mpaka mkia. Uani pakawa hapana pa kuanika hata leso.

Miaka minne anagonga. Bawa la kulia hakuwahi kulimaliza, Mungu akamchukua.

Nilipotoka eda, nikaletewa ujumbe na askari wastaafu wa Tabata, wenzake Mbwana. Wana ukumbi wao mdogo. Wanataka ndege ikae pale mbele, na jina la Mbwana liandikwe.

Nililia, wallahi. Yule waliyemwita mzee wa sufuria, jina lake ukutani!

Ila kulikuwa na sharti. Mzee Audax aje aikague kwanza, aseme kama ni sahihi. Akiikataa, basi. Na binti yangu Najma alishaongea na watu wa vyuma chakavu. "Mama, tunaishi na ndege mpaka lini?"

Sasa huyo Mzee Audax ndiye aliyeitungua ndege yenyewe, ile aliyoiona Mbwana. Kila mkutano lazima asimulie. Ndege angani, yeye kwenye mzinga, risasi saba, zote saba zimeingia. Watu wanapiga makofi. Mbwana wangu alikuwa akisikiliza hayo, kainama, anakunywa kahawa yake.

Nikasema, jina la mume wangu litaandikwa. Nikaingia kazini na elimu yangu ya darasa la saba na miaka thelathini ya cherehani.

Nilianza na bawa. Nikalikata kwa kulifuatisha lile la kushoto, kama ninavyokata mkono wa gauni. Nikalifunga vizuri, nikarudi nyuma kulitazama.

Mabawa mawili ya kushoto.

Mie! Mie niliyewatimua wanafunzi wawili kwa kosa hilohilo, na maneno juu!

Nikalifumua, nikalikata upya. Kimya kimya, mtu asijue. Sasa najitangaza mwenyewe.

Kisha nikaiona ndege kama imepungua kitu. Sie watu wa Kiwalani ndege zinatupitia juu ya mapaa kutwa kucha, tunajiona tunazijua kuliko marubani. Nikachukua rangi nyeupe, nikachora madirisha. Kumi na mawili kila ubavu, yamenyooka kama vishikizo vya kanzu.

Tekla akaja kuomba chumvi, akasimama.

"Mama Najma, hii si ndege ya vita?"

"Ndiyo."

"Sasa hawa abiria wanakwenda vitani na mabegi?"

Nilikesha... hapana, nisiongeze chumvi. Nilishinda siku nzima nafuta madirisha kwa mafuta ya taa.

Hayo ni madogo. Kubwa linakuja.

Juu ya mgongo wa ndege, Mbwana alikuwa ametoboa matundu saba, kila moja la kuingia kidole. Nikayapapasa. Kwa juu bati limebonyea tu, laini. Kingo kali zote zimetokea kwa ndani, zinaelekea chini. Maana yake nondo aliipiga kutoka juu.

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikafikiri.

Ndege iko angani. Mzinga uko chini. Risasi inatoka chini inakwenda juu. Itatoboaje mgongo kutoka juu?

Maskini Mbwana wangu, nikasema, uji ulimwingia kichwani. Mzee Audax akiona hivi, ndege inakwenda kuwa masufuria kweli.

Basi nikayaziba yote saba, kiraka kwa kiraka, na rangi juu. Nikaingia chini ya tumbo, nikatoboa saba ya kwangu, kutoka chini kwenda juu, inavyotakiwa. Ndipo Tekla aliponikuta na lifti yake ya Moshi.

Nilijisifu jamani. Nilijiona injinia.

Mzee Audax akaja Alhamisi, mara tu baada ya swala ya alasiri. Koti, kofia, karatasi mkononi. Nilikuwa nimemwita Tekla tukae wote, mie si mtu wa kukaa peke yangu na mgeni mwanamume.

"Shikamoo, Mzee Audax."

"Marahaba, shemeji. Pole sana. Rafiki yangu ametuacha."

Chai hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndege. Akaizunguka, akapima kwa hatua, akagonga pua. Mie namfuata nyuma na kikombe chake.

Akainama, akapitisha mkono tumboni. Uso ukachanua.

"Moja, mbili... saba! Shemeji, haya ni matundu yangu! Tazama, yameingia kwa chini kabisa, kama nilivyopiga! Kumbe mpishi yule alikuwa ananisikiliza!"

"Kwa hiyo imekubaliwa, mzee?"

"Imekubaliwa! Jina lake litaandikwa kwa herufi kubwa. Na chini yake tutaweka, huyu ndiye shahidi wa kazi ya Audax." Akatoa kalamu. "Niandike kwamba marehemu aliyatoboa mwenyewe haya, kwa mkono wake. Sivyo?"

Neno moja tu. Ndiyo. Tekla alinikazia macho: sema, mama, sema!

Lakini paji langu la uso lilikuwa bado lina alama ya mkeka wa swala. Na huyo ninayetaka kumsemea yuko kaburini, hawezi kunikanusha. Nikaogopa.

"Hapana, mzee. Hayo nimetoboa mie."

Akacheka. "Wewe?"

"Mie. Ya Mbwana yalikuwa huku juu, mgongoni. Saba vilevile. Nikaona amekosea, nikayaziba."

Hakucheka tena. "Mgongoni?"

"Yote yalipigwa kutoka juu." Nikapanda kwenye kibao, nikabandua kiraka kimoja kwa bisibisi nimwonyeshe.

Akatia kidole kwenye tundu. Akakiacha humo humo.

Tekla, mdomo wake hauna kufuli, akasema, "Khaa! Sasa mtu anaipigaje ndege kutoka juu? Labda iwe imeshaanguka yenyewe, mtu kaisimamia anaimiminia."



Hapo ndipo akili yangu ilipofika, ikiwa imechelewa kama kawaida yake. Nikamwona Mbwana kijana, kashika ndoo ya uji, kasimama anatazama. Halafu nikamwona Mbwana huyohuyo, sasa mzee, kwenye mikutano ya Tabata, kainama na kahawa yake, zaidi ya miaka arobaini, hamwaibishi mwenzake. Neno hakulisema. Alilipiga kwenye bati, na bati nikalikuta mie nikalisahihisha.

Sasa mwisho wenyewe ni mfupi, kwa hiyo somo nalitoa hapa. Wewe uliyerithi kazi ya marehemu na unaiona ina kasoro, jiulize kwanza aliona nini ambacho wewe hukukiona. Usiwe na kiherehere kama changu. Matundu yote saba ya mgongoni nimeyafungua. Ndege iko uani kwangu, ukumbini haikwenda, kwa Najma na watu wake wa vyuma haitakwenda. Jina la Mbwana nimeliandika ubavuni mwenyewe, kwa rangi ileile ya madirisha.

Turudi Alhamisi ile. Mzee bado kasimama, kidole ndani ya tundu.

Nikamwuliza kwa adabu, maana nilitaka kujua kweli:

"Mzee Audax, Mbwana alikosea?"

Akakichomoa kidole taratibu. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Akavaa kofia yake, akampita Tekla, akafungua geti, akaenda zake.