Taa Niliyoiacha Ikiwaka Kwenye Pikapu

Mengi ya miaka ile yameshanitoka, mwanangu, lakini asubuhi moja ya baridi kule Kalinzi, kijijini kwetu milimani, bado ninayo nzima. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo ya Juni, msichana mwenye haya kiasi kwamba mgeni akipiga hodi mimi nilikimbilia jikoni. Niliyoshindwa kuyasema niliyaandika kwenye daftari.

Ilikuwa miaka ya watu wa Burundi kuvuka milima kuja kwetu na magodoro kichwani. Kwenye stoo yetu ya kahawa walikaa Nestori na mkewe Godeliva, wakisubiri kupelekwa kambini. Godeliva alikuwa na mimba kubwa. Nestori kwao alikuwa fundi wa magari.

Baba alikuwa na pikapu ya dizeli isiyopenda baridi. Mjini, kando ya ziwa, iliwaka vizuri. Ikilala Kalinzi, asubuhi ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Ndiyo maana wenye magari kule juu waliegesha mtelemkoni, pua ikitazama bondeni, jiwe chini ya tairi. Asubuhi unatoa jiwe, unasukuma.

Nestori aliisikiliza mara moja tu. "Mzee, betri haina neno. Moshi mweupe ni dizeli inayoingia haiungui. Zile plagi za kupasha injini moto ndizo zimekufa." Akatafuta nyingine kwenye gari bovu la jirani, akafunga, na pikapu ikaitika mara moja. Baba alifurahi hata jioni ile akaiegesha uani kwetu, kwenye tambarare, kama mtu wa mjini.

Jioni hiyohiyo nikaingia ndani ya pikapu na daftari langu, nikawasha kile kitaa cha juu, nikaandika mpaka mama aliponiita kula. Nikatoka mbio. Taa sikuizima.

Alfajiri uchungu ukamshika Godeliva. Mkunga akampapasa, akatuambia wazi kwamba mtoto amelala upande, na asipofika hospitali mjini tutawapoteza wote wawili. Mimi nikatumwa kutandika godoro nyuma ya pikapu. Nilipochungulia mbele nikaona kitaa kinawaka chekundu, hafifu, kama sigara inayoisha. Nikakizima upesi kabla mtu hajaona. Ninakueleza kama kilivyokuwa, mwanangu. Nilikizima ili nisijulikane.

Baba akageuza ufunguo. Tik, tik, tik. Basi.

"Si nilisema!" Baba Yusta, jirani yetu, akapaza sauti. "Ukimpa mkimbizi spana, amekuulia gari!"

"Jana iliwaka," Baba akasema, lakini alimtazama Nestori kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona.

 Nestori alifungua boneti, akasukasuka nyaya za betri, akaziona zimekaza. Akamwomba Baba awashe taa za mbele; zikatoa mwanga wa maji ya mchele. "Umeme umeisha. Umeishia wapi?" Akatuzungushia macho sote. "Kuna mtu aliacha kitu kimewaka? Kama ndivyo, umebaki kidogo, nitajua pa kuutumia. Kama hakuna, basi kuna waya niliofunga mimi unanyonya, na lazima nifungue plagi zote."

Nikatazama miguu yangu.

Kule nyuma, juu ya godoro, Godeliva akacheka na kulia pamoja. "Nestori, fanya haraka. Mtoto wako atazaliwa huku anasukuma gari!"

Akaanza kufungua. Spana ikateleza, akachunika vidole. Plagi ya kwanza nzima. Baba Yusta akaguna, "Anapapasa tu huyo." Alipoishika ya pili, Godeliva hakutania tena. Alikuwa kimya. Ukimya ule ndio ulionifungua mdomo.

"Ni mimi. Niliacha taa. Nikaja nikaizima."

Nilidhani watanipiga. Baba alinitazama tu. Nestori alifumba macho kidogo, akashusha pumzi, akairudisha plagi. "Warakoze, mwana wanje," akaniambia, ndivyo wanavyoshukuru kwao. Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, usiguse stata. Umeme uliobaki upashe plagi tu. Kuzungusha injini ni kazi ya miguu yetu."

Mama akamwaga maji ya moto juu ya injini taratibu. Tukasukuma kutoka uani mpaka barabarani, Baba Yusta naye akisukuma, na mkunga akimwambia kwamba akisukuma kwa nguvu alizosemea jana na leo watafika Gungu, kule mjini, bila dizeli. Mtelemko ukaishika pikapu. Baba akaachia klachi kwenye gia ya pili. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikanguruma.

Walifika. Godeliva alipasuliwa, mtoto akatoka wa kike, mzima. Daktari alimwambia Nestori kwamba wangechelewa zaidi kidogo, angerudi peke yake.

Waliporudi kuchukua vitu vyao, Nestori aliniuliza, "Uliandika nini jioni ile?" Nikampa daftari asome mwenyewe, maana nilishindwa kutamka. Nilikuwa nimeandika: "Fundi wa Burundi ametengeneza gari letu. Natamani kumwambia asante, ila naona haya."

Alisoma, akanirudishia, akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye kovu la spana.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: haya si dhambi, mimi ninayo mpaka leo. Lakini ukiona mwingine anabebeshwa kosa lako, sema wakati huohuo, hata kwa sauti ndogo. Usisubiri kuona atavumilia mpaka wapi, hasa akiwa mgeni asiye na wa kumtetea. Na neno la shukrani usiliache daftarini.

Mungu akukinge na kimya kama changu cha asubuhi ile. Safari zako ziitike mara moja, na zikikataa, upate watu wa kusukuma pamoja nawe.